Redio Huzimwa Mezani Kabla ya Kuzimwa Mnarani

Mhadhara kwa wakazi wa Lamadi, wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu

Nimefanya kazi ya ufundi wa mitambo ya redio kwa miaka mingi katika Kanda ya Ziwa. Nimepanda minara, nimelala kwenye vibanda vya mitambo, na zaidi ya mara moja nimeagizwa nizime mtambo kwa mkono wangu mwenyewe. Leo nataka kuzungumza juu ya mambo mawili ambayo watu huyatenga, nami nayaona ni jambo moja: kwa nini redio za miji midogo hupoteza leseni, na kwa njia gani mawimbi yake yanaweza kufika mbali zaidi.

Nianze na usiku mmoja. Kituo sitakitaja. Barua ilikuwa imeshafika, deni la ada halikulipwa, na amri ilisema mwisho ni saa sita usiku. Mtangazaji wa zamu alikuwa binti mdogo, mwaka wake wa pili kazini. Kazi yake ya mwisho ilikuwa tangazo la kifo cha mzee wa kijiji jirani: maziko kesho saa nane mchana, na ndugu walioko visiwani wajulishwe. Kawaida tangazo la namna hiyo husomwa mara mbili. Yeye alilisoma mara nne, maana alijua asubuhi hatakuwepo wa kulisoma tena. Kisha akanitazama kupitia kioo. Nikashusha nguvu ya mtambo taratibu, kama inavyotakiwa, nikaukata. Feni ziliendelea kuzunguka kidogo, zikanyamaza. Nikawasha redio yangu ya mkononi, ile ya betri mbili, na pale palipokuwa na sauti ya binti yule nikasikia mvumo mtupu.

Miezi kadhaa baadaye nilikutana na mvuvi aliyeniambia kwamba huyo mzee alikuwa baba yake mdogo. Habari za msiba zilimfikia siku ya tatu.

Sasa tuje kwenye yale yanayojulikana na watu wote. Januari 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilisitisha kwa mkupuo leseni za vituo 27 vya redio na televisheni kwa kutolipa ada. Wamiliki walipewa miezi mitatu: atakayelipa arudi hewani, atakayeshindwa afutiwe. Katika orodha ile kulikuwa na majina makubwa. Radio Free Africa ya Mwanza ilikuwemo, pamoja na ndugu zake Kiss FM na Star TV. Radio Free Africa ndiyo redio ambayo wengi wenu mmekua nayo, na kwa miaka mingi ilirusha pia katika masafa ya kati, kilohezi 1377, ikisikika hadi nchi za jirani. Na mkoa wetu wa Simiyu nao uliguswa, kwa sababu Sibuka FM ya Maswa ilikuwa kwenye orodha hiyo hiyo.

Naomba tuutazame mwezi wenyewe, kwa sababu hapa pana jambo ambalo sijawahi kusikia likizungumzwa kikaoni. Januari. Mkulima wa Simiyu mwezi wa Januari yuko shambani anapalilia pamba aliyopanda mwishoni mwa mwaka. Chakula cha ghalani kimepungua. Watoto wamefungua shule, na kila nyumba inahangaikia sare na madaftari. Msimu wa kununua pamba hufunguliwa Mei, na hela huanza kuonekana mikononi mwa watu kuanzia hapo hadi Agosti au Septemba. Mwenye duka wa Lamadi au wa Bariadi hatangazi bidhaa zake Januari, maana mteja wake hana kitu. Kwa hiyo redio ya mji wa pamba hukauka mfukoni mwezi ule ule ambao madeni ya mwaka mzima huiva.

Mapato yake nayafahamu, kwa sababu nimelipwa mshahara kutoka humo, na mara nyingine sikulipwa. Ni tangazo la kifo, tangazo la ng'ombe aliyepotea, duka jipya la pembejeo, kipindi cha kanisa kinacholipiwa kwa mwezi, tangazo la mnada. Yapo pia matangazo ya ofisi, ya chanjo na ya mikutano, ambayo hurushwa leo yakalipwa baada ya nusu mwaka. Upande wa pili kuna ada ya leseni ya kila mwaka, ada ya matumizi ya masafa, kodi, mirabaha ya muziki, umeme, na mishahara. Ukimuuliza mwenye kituo nini kitasubiri, atakuambia mishahara. Ukimuuliza mwaka wa pili, atakuambia ada ya leseni. Mtangazaji asipolipwa atalalamika kila asubuhi mlangoni, ilhali leseni imening'inia ukutani ndani ya fremu na haisemi neno. Inakaa kimya hivyo hivyo mpaka barua inapofika.

Simaanishi kwamba ada ndiyo sababu pekee. Vipo vituo vilivyofungiwa kwa maneno yaliyotoka hewani. Februari 2013 Radio Imaan ya Morogoro na Kwa Neema FM ya Mwanza zilifungiwa miezi 6 kwa vipindi vilivyodaiwa kuchochea chuki za kidini. Agosti 2016 Radio 5 ya Arusha na Magic FM ya Dar es Salaam nazo zilisimamishwa kwa yaliyosemwa kwenye vipindi vyake. Mjadala juu ya adhabu hizo ni mrefu na una uzito wake, hasa kipimo cha uchochezi anapokishika mtu wa serikali. Lakini kwa redio ya mji mdogo, ninavyoona mimi, hatari ya kila siku haitoki kwenye kipaza sauti. Inatoka kwenye droo ya mhasibu.

Leseni zetu zimegawanywa kwa eneo: kuna ya kitaifa, ya mkoa na ya wilaya, na kuna ya kibiashara na isiyo ya kibiashara. Hapa kwetu mgawanyo huo una utata wake. Kabla ya mwaka 2012 Lamadi ilikuwa wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza. Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka huo tukawa Busega. Ramani ikabadilika, watu wakabaki walewale. Ukisimamisha mnara hapa njia panda, mawimbi hayatageuka nyuma yakifika Ndabaka kwa sababu ng'ambo ni Bunda, mkoa wa Mara. Yatawafikia, na yatavuka pia Ghuba ya Speke kuelekea Ukerewe. Leseni inakuambia wewe ni wa Busega. Msikilizaji wa mwalo wa ng'ambo hajui hilo, anachojua ni kwamba unamwambia bei ya dagaa.

Tukirudi kwenye vituo vinavyozimwa, wenzetu wa Marekani wana sheria moja inayofaa kufikiriwa. Kituo kikikaa kimya miezi 12 mfululizo, leseni yake inakufa yenyewe. Kifungu hicho kiliongezwa mwaka 1996. Ndiyo maana kule kituo kilichofilisika hujikokota kurusha hata siku chache kabla ya mwaka kuisha, ili kisipoteze masafa. Ukali wa sheria ile una maana yake: masafa ni mali ya umma, si shamba la kuacha pori. Lakini inampa mwenye kituo mwaka mzima wa kutafuta mnunuzi au mkopo. Miezi mitatu kwa kituo cha mji wa pamba, ikianza Januari, inaisha Aprili. Pamba bado iko shambani.

Nakuja sasa kwenye mawimbi, ambako najisikia nyumbani zaidi.

Kila kituo nilichoitwa kukitazama, mwenye kituo alianza na sentensi ileile: "Fundi, tunataka mtambo mkubwa." Wana wati 300, wanataka 1,000. Nami huwauliza, mnara wenu una mita ngapi? Mara nyingi hawajui.

Redio ya FM, ile iliyo kati ya megahezi 87.5 na 108, husafiri kwa kuonana. Antena iione redio yako, au ikaribie kuiona. Dunia ni duara na ukingo wake unakata njia. Walimu wa hisabati mtanisahihisha, lakini mafundi tunatumia kanuni hii: chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita za upeo. Mnara wa mita 30 unakupa kilomita 22 na ushee. Ongeza kama kilomita 6 kwa redio iliyo mita 2 juu ya ardhi, unapata 28. Mnara wa mita 60 unakufikisha karibu 38. Ukipata kilima kinachoinuka mita 100 juu ya tambarare, ukaweka juu yake ule ule mnara mfupi wa mita 30, unavuka 52. Mtambo ni uleule, na bili ya umeme ni ileile.

Barabara ya lami kutoka hapa hadi Bariadi ina kilomita 71.8, ingawa kwa mstari ulionyooka ni pungufu ya hapo. Tena nchi inapanda unavyoliacha ziwa, ambalo uso wake uko mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari. Antena iliyowekwa ufukweni inarusha ikiwa shimoni. Kwa hiyo anayeota redio ya Lamadi isikike Bariadi asianze na wati. Aanze kwa kutazama vilima, kama vile vya Ngasamo, aulize kama kuna njia ya gari, kama umeme umefika, na kama kampuni ya simu ina mnara huko unaoweza kubeba antena nyingine kwa kodi. Sheria yetu ya mawasiliano ya mwaka 2010 inatambua kushirikiana minara. Hakuna sababu ya kilima kimoja kuwa na minara mitatu huku redio ya jamii ikirusha kutoka juu ya bati la ofisi.

Na hizo wati? Ukiongeza mara mbili, kutoka 300 hadi 600, msikilizaji aliye karibu hatagundua chochote. Aliye mbali atapata nafuu ndogo. Kuipata nafuu ya kweli unahitaji mara nne, na hapo TANESCO, wenye umeme, nao wapo. Mtambo wa wati 1,000 unakula kama wati 1,500 kutoka ukutani. Ukiuwasha usiku na mchana kwa siku 30, ni uniti 1,080. Ule wa 300 unakula kama theluthi ya hizo. Tofauti yake kwa mwaka ingesaidia kulipa ada.

Kuna siku niliitwa kwenye kituo kilichokuwa kimechangisha fedha za mtambo mpya. Wasikilizaji walikuwa wanalalamika kwamba sauti inakoroma hata kilomita 10 tu kutoka mjini. Niliomba nipande kwanza. Nilipofika kwenye antena nikafungua kiungio cha kebo, maji yakachuruzika. Yalikuwa ya rangi ya kutu, yakanijaa kiganjani. Mtu aliyekifunga hakukizungushia utepe wa mpira, na mvua za vuli na masika za miaka mingi zilikuwa zimeingia ndani ya kebo hadi waya wake wa katikati ukageuka kijani. Zaidi ya nusu ya nguvu ya mtambo ilikuwa inaishia humo, inageuka joto. Tulibadilisha kebo, tukaongeza antena mbili kuwa nne, tukazipanga wima moja juu ya nyingine kwa kipimo chake. Wiki iliyofuata mzee mmoja wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, alikuja ofisini kuuliza mtambo mpya ulikuwa wa nchi gani. Mtambo ulikuwa uleule. Fedha iliyobaki waliilipia leseni, kwa ushauri wangu, na mpaka leo najivunia ushauri ule kuliko kebo.

Lipo jingine ambalo halina gharama hata senti moja. Vituo vingi vidogo vinarusha kwa stirio, kwa sababu taa ya stirio inapendeza. Stirio hubeba kelele nyingi zaidi pale mawimbi yanapokuwa dhaifu. Redio ya mkononi ya mama anayechambua dagaa ina spika moja. Simu ya tochi ina spika moja. Kama vipindi vyako ni habari, salamu, bei za mazao na matangazo ya vifo, zima stirio, rusha mono. Yule wa pembezoni aliyekuwa anasikia mkoromo ataanza kusikia maneno. Nimelifanya hili mara nyingi, na kila mara mwenye kituo huniuliza kwa nini hakuambiwa tangu mwanzo.

Vijana wanaosikiliza kwa simu nao wana neno lao. Simu nyingi hutumia waya wa visikizi kuwa antena. Ukiuchomoa, redio inakufa. Ukiukunja mfukoni, inakoroma. Kabla hujakilaumu kituo, nyoosha waya.

Ziwa nalo lina tabia zake. Alfajiri, hewa ya baridi ikilala juu ya maji, mawimbi huteleza mbali kuliko kanuni yangu inavyosema. Wavuvi wanaporudi na taa zao husikia redio za ng'ambo ya ziwa zikiwa safi kama za jirani, kisha jua likipanda zinapotea. Ndiyo maana masafa ya FM hayagawiwi kienyeji. Mpango unaotumika Afrika ulitoka kwenye mkutano wa Geneva mwaka 1984, na nchi zinazolizunguka ziwa hili lazima zisikilizane. Ukijiongezea nguvu kimya kimya, au ukahamisha mnara kilimani bila kibali, unaweza kumfunika mtu wa Kisumu. Na ukirusha kwa mtambo mchafu usio na kichujio unaweza kuingia kwenye masafa ya kuongozea ndege, ambayo yanaanzia pale pale FM inapoishia, 108. Hapo leseni inaondoka, na safari hii kwa haki.

Hapo ndipo mambo yangu mawili yanakutana. Kupanua mawimbi ni kupanua leseni. Ukitoka wilaya kwenda mkoa, ada inapanda, na kituo kilichoshindwa kulipa ya wilaya hakitaiweza ya mkoa. Nimeona vituo vikifa kwa njia hiyo: vilinunua mtambo mkubwa kwa mkopo, vikasikika mbali kwa mwaka mmoja, vikazimwa. Ninachowashauri ni kukaza kwanza pale mlipopewa. Msikilizaji wa Busega asikie vizuri ndani ya nyumba yake, usiku na mvua ikinyesha, kabla ya kumtafuta wa Meatu.

Maana hapa hapa kazi ipo. Tembo wakitoka Serengeti au pori la Kijereshi usiku, wa kuwaambia watu wa kijiji kinachofuata ni nani? Bei ya pamba ikitangazwa, mkulima aisikie siku ileile, asiisikie kwa mchuuzi. Upepo ukichafuka ghubani, mwenye mtumbwi ajue kabla hajasukuma. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu vijijini kwa vikundi kuzunguka redio moja, wakisikiliza pamoja, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Wazee waliopo wanakumbuka. Redio ya wakati ule ilitoka Dar es Salaam. Ya leo inaweza kutoka hapa njia panda, ikajua jina la kitongoji chako.

Kwa TCRA nina ombi, nalitoa kwa heshima. Ada ya kituo cha wilaya katika mikoa ya mazao ya msimu ipokelewe kwa awamu, na awamu kubwa iwe Julai au Agosti. Mkulima hukopeshwa pembejeo na hukatwa msimu wa kuuza, na hakuna aliyeona ajabu. Kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliosaidia kampuni za simu kusimika minara vijijini na TBC kufikisha matangazo pembezoni, naomba mlango huo ufunguliwe pia kwa redio ndogo, angalau kwa kebo, antena na nafasi mnarani. Kwa ofisi zote zinazoleta matangazo: lipeni ndani ya mwezi. Tangazo lenu la chanjo lililorushwa kwa mkopo ni sehemu ya deni linalozima kituo.

Kwa wenye vituo na wanaotaka kuanzisha, fungueni akaunti ya leseni peke yake, yenye saini tatu, mmoja wao awe mzee anayeheshimika asiye na hisa. Kuanzia wiki ya kwanza ya ununuzi wa pamba, kila tangazo linalolipwa taslimu, sehemu yake iende huko kabla ya kitu kingine. Ifikapo Septemba ada ya mwaka unaofuata iwe imekaa.

Na ninyi wasikilizaji, nina kazi ndogo ya kuwapa usiku wa leo. Ukifika nyumbani, washa redio yako saa mbili, saa ya taarifa ya habari. Andika jina la kitongoji chako, ni redio gani unazozipata, ipi inasikika safi, ipi inakoroma, na ipi imepotea kabisa. Kesho asubuhi nitakuwa hapa kwenye stendi, karibu na magari ya Bariadi, na daftari. Nileteeni karatasi hizo. Nitachora ramani yake na kuikabidhi kwa halmashauri kule Nyashimo, ili atakayekuja kuomba leseni ya kuhudumia watu hawa ajue mnara aweke wapi.